Taa Arobaini na Moja za Kijani

1

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya fainali, niliingia bwalo la Shule ya Wasichana Nyakiwindi nikiwa na furaha ya kijinga. Mkononi nilikuwa na matokeo ya mtihani. Wachezaji wote ishirini na wawili wa timu ya mpira walikuwa wameulizwa dalili za mtikisiko wa ubongo, na wote ishirini na wawili walipata mia kwa mia. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kuona ukungu, kusahau, mwanga kuchoma macho, hasira isiyo na sababu: walizimwaga bila kubakiza hata moja. Mimi Subilaga Mwasandube, binti wa Tukuyu niliyeambiwa na walimu wangu kwamba michezo ya video itanipumbaza, nilikuwa nimetengeneza Kichwa Kwanza, mchezo wa video unaookoa vichwa vya watu. Kesho yake Dk. Mlelwa wa kamati ya ligi alikuwa aje Songea kutia saini, mchezo wangu uingie shule mia tatu. Ungeniona ninavyotembea ungedhani nimejifungua mapacha.

Ndani ya bwalo meza zilikuwa zimesukumwa ukutani. Wasichana walikuwa wamesimama duara, na katikati yao Emerita Mbano, nahodha na mshambuliaji wa timu, alikuwa amevaa miwani yangu na utepe wangu kichwani, anayumba.

Utepe ndio ninaojivunia zaidi. Una vidonge viwili vya umeme vinavyokaa nyuma ya masikio, na ndani ya sikio ndimo mwili unamoweka mizani yake. Umeme mdogo tu ukipita pale, mizani inadanganyika na sakafu inainama kama sitaha ya meli. Miwani nayo inachelewesha picha kidogo, chini ya robo sekunde. Hivyo viwili vikikutana, mtu mzima mwenye akili zake hawezi kutembea juu ya mstari. Hiyo ndiyo hatua ya sita ya mchezo, niliyoiita Ukungu: umegongwa kichwa, mechi inaendelea, na unatakiwa kufanya jambo moja tu, uinue mkono utoke. Ukitoka, umeshinda.

Asiyetoka anapelekwa kwenye Kibanda. Kila uwanja wa ligi unacho Kibanda chake siku hizi, chumba cha kioo pembeni mwa mstari. Mchezaji aliyegongwa anaingia, mashine inampima macho, mizani, kumbukumbu na wepesi, na baada ya sekunde tisini taa inawaka. Ikiwa nyekundu, siku ishirini na moja nje. Ikiwa ya kijani anarudi uwanjani, na sheria inasema hakuna daktari wala kocha wa kumzuia. Nilikiweka Kibanda hicho ndani ya mchezo vilevile kilivyo, hadi mlio wa mlango wake, ili wasichana wakizoee wasije wakakiogopa. Niliona nimefanya jambo la busara sana.

Emerita alisimama kwa mguu mmoja katikati ya duara. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu. Kisha skrini ya ukutani ikawaka kijani, bwalo likalipuka kwa vifijo, na msichana mmoja mrefu akaenda kubandika kidoa cha karatasi kwenye orodha ya taa za kijani iliyokuwa nyuma ya mlango.

"Arobaini na moja," alitangaza. "Mimi nina thelathini na tisa. Lakini jamani tuwe wakweli, mimi Ukungu unanipunguzia akili, huyu Mngoni ulikuta hakuna cha kupunguza."

Huyo alikuwa Tulizo Kikoti, kipa wa akiba, Mhehe wa Iringa. Wenzake walicheka, na Emerita alicheka kuliko wote. Wangoni na Wahehe walipigana vita zamani, wakachoka, wakawa watani. Tangu hapo mtani anaweza kukutukana msibani, anaweza kuondoka na kuku wako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa.

Nakiri kwamba na mimi nilipiga makofi. Ustadi ni ustadi. Halafu nikamuuliza Emerita anafanyaje.

"Rahisi, Dada Subi." Alivua miwani, jasho linamtiririka, uso unang'aa. "Mizani, unachimba chini kwa kidole gumba cha mguu, unang'ang'ania kitu kimoja kwa jicho, unahema kwa kuhesabu nne. Maneno ya kukumbuka unayafunga kwenye vidole vya mkono, moja moja. Macho yakikataa kufuata kile kidoa, unainamisha kichwa kushoto kidogo. Mashine haioni."

"Lakini shabaha ya Ukungu ni kutoka, Emerita."

"Tunajua," alisema kwa upole, kama anayemtuliza bibi yake. "Si mtihani tumepata mia."

Furaha yote ilinikauka mwilini. Nilikuwa nimewapa wasichana ishirini na wawili mahali pa kufanyia mazoezi ya kuficha ubongo uliotikisika, na walikuwa wamefanya mazoezi kwa bidii.

Ningeweza kwenda moja kwa moja kwa mwalimu wao. Lakini siku ya kwanza kabisa nilisimama katika bwalo hilohilo nikaapa mbele yao kwamba namna msichana anavyocheza Kichwa Kwanza haitamfikia kocha, mzazi wala kamati. Mchezo hausemi, niliwaambia. Bila kiapo hicho wasingevaa utepe, maana nani atakubali kuonyesha udhaifu wake kwa mtu anayepanga kikosi? Ningejulikana kuwa msaliti Nyakiwindi, shule mia tatu zingezivua tepe kabla hazijazivaa. Basi nikajiambia nitairekebisha hatua ya sita wiki ijayo, na kwamba fainali ni dakika tisini tu. Ulikuwa woga, na mimi niliuita subira.

2

Jumamosi uwanja ulijaa hadi kwenye kuta. Nimeona mipira mingi, sijaona kama ule. Wapinzani wetu, Kitundwe, walitufunga dakika ya nne, na sisi tukasawazisha dakika ya kumi na tisa kwa shuti la Emerita ambalo kipa wao aliliona likiwa tayari wavuni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Dk. Mlelwa, aliyekuwa pia daktari wa mechi, alikaa karibu nami na karatasi zangu zikiwa mfukoni mwake, na hata yeye alisahau heshima yake akasimama juu ya kiti.

Dakika ya thelathini na nane tulipata kona. Emerita aliruka, beki wa Kitundwe akaruka, na vichwa vyao vikakutana kwa mlio ambao nausikia mpaka leo. Beki alilala chini akilia. Emerita aliinuka kwanza, akijifuta, akitabasamu, akaelekea Kibandani kabla hajaitwa.

Kwa kuwa kuta ni za kioo, uwanja mzima ulimwona. Waliona msichana imara. Mimi nilitazama mguu wake, nikaona kidole gumba kinachimba ndani ya kiatu. Niliona midomo inahesabu nne. Macho yalipopimwa, aliinamisha kichwa kushoto kidogo.

Taa ya kijani ikawaka. Watu walipiga vigelegele.

"Nilikwambia, daktari," alisema Mwalimu Haule, kocha wao, akifuta jasho kwa furaha. "Kile kichwa ni mpingo."

Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba kwa dakika chache, na fuvu halina pa kutanukia. Msichana wa miaka kumi na saba anaweza kufia pale pale uwanjani. Nilikuwa nayajua haya kuliko mtu yeyote pale, nimeyaandika kwenye mchezo kwa herufi kubwa. Niligeuka kumwambia Dk. Mlelwa, na macho yangu yakapita kwenye benchi. Wasichana wote wa akiba walikuwa wananitazama mimi. Walikuwa wameona nilichoona, na walikuwa wanangoja waone kama mchezo utasema.

Nilisimama na mdomo wazi. Sitajipamba: nilisimama tu.

Tulizo Kikoti ndiye aliyeinuka. Alipita mbele yangu akanong'ona, "Dada Subi, wewe umeapa, baki na kiapo chako. Mimi sikumwapia mtu. Na yule ni mtani wangu."

Emerita alikuwa kwenye mstari wa pembeni akingoja ishara ya mwamuzi arudi ndani. Tulizo alipiga magoti mbele yake.

"Lete mguu, nahodha. Kamba imelegea."

Emerita aliutoa mguu bila kufikiri. Tulizo alifungua kamba, akakichomoa kiatu chote, akasimama, na akatimua mbio nacho kukizunguka kiwanja.

"Babu zako waliondoka na ng'ombe wetu," alipaza sauti akikiinua kiatu juu. "Leo nachukua fidia."

Nusu ya uwanja ni Wangoni, na Wahehe nao walikuwa wamejaa jukwaa la mashariki. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kicheko kilianza upande mmoja kikahamia upande wa pili, watu wakashikana mabega. Mchezaji hawezi kuingia bila kiatu, na aliyeibiwa na mtani haruhusiwi kununa. Anaruhusiwa kukimbiza tu. Emerita akakimbiza.

Mwanzo alikwenda vizuri, maana mbele yake kulikuwa na kitu kimoja cha kung'ang'ania kwa jicho, mgongo wa Tulizo. Lakini Tulizo alikuwa na taa thelathini na tisa zake na alijua vizuri kinachofuata. Kwenye kibendera cha kona akakata ghafla kulia, kisha kushoto. Kichwa cha Emerita kiligeuka, mwili haukugeuka. Miguu ilipishana na akaenda chini. Akajaribu kuinuka, akaenda chini tena. Mara ya tatu hakujaribu, aliyashika majani kwa mikono miwili kama abiria wa juu ya lori anayeshika kamba.

Kicheko kilikatika kidogo kidogo, kuanzia waliokuwa karibu. Mwamuzi alimwonyesha Tulizo kadi ya njano, na kabla mambo hayajatulia muda wa mapumziko ukafika.

3

"Taa ni ya kijani," alisema Dk. Mlelwa. Tulikuwa nyuma ya benchi, timu nzima imetuzunguka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa sheria. "Kukimbia na kiatu kimoja hata mimi ningeanguka. Kipindi cha pili anaingia."

"Niko sawa, daktari," alisema Emerita kutoka pale alipoketi. Akanyoosha vidole akahesabu maneno ya Kibandani bila kukosea. "Kisu, jogoo, mvua, daraja, ndizi."

"Unaona?"

"Daktari," nilisema, na sauti yangu iliyokatika ikatoka kama ya jogoo mchanga. "Kibanda kinadanganyika. Wasichana hawa wanaweza kukipita hata wakiwa hawajui juu wala chini. Mimi ndiye niliyewafundisha, bila kukusudia. Nilikiweka kibanda chenu ndani ya mchezo wangu."

Akamwonyesha Emerita kwa kidevu. "Unataka kusema huyu amedanganya?"

"Sisemi lolote juu ya huyu wala juu ya mwingine. Niliapa."

"Basi, dada, nifanye nini? Nimzuie nahodha wa fainali kwa fumbo?"

Hapo ndipo wazo lilipokuja, na nilijua wakati linakuja kwamba likifaulu nimekwisha. Nilitoa utepe mfukoni nikampa. "Uvae kwanza wewe."

Alikubali, nadhani kwa kutaka kunikomesha. Nikauwasha kwa nguvu ya hatua ya sita. Dk. Mlelwa alipiga hatua moja, akaikumbatia meza ya dawa, akaikalia ndoo ya barafu na kubaki pale akiwa ameziba macho. Wasichana waligeuza nyuso wasionekane wakicheka.

"Zima," alisema. "Zima, mama."

Nilizima. "Sasa mtu atauvaa hivyo hivyo aingie Kibandani. Nani atakubali?"

Nilielewa nilichokuwa nawaomba: wafichue mbele ya kocha wao siri ambayo mimi nilikuwa nimeapa kuitunza. Mwalimu Haule aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliangalia viatu vyake.

"Nipe mimi," alisema Tulizo. "Kadi ninayo tayari."

Aliuvaa. Nikauwasha. Aligonga mlango wa kioo kwa bega, akarudi nyuma, akatapika kwenye nyasi, akafuta mdomo na kuuomba radhi uwanja. Kisha akaingia. Watu jukwaani walikuwa hawajui kinachoendelea, wakawa wanauliza kwa nini kipa wa akiba anapimwa. Tulihesabu sekunde kimoyomoyo. Sijawahi katika maisha yangu kutamani kwa nguvu kiasi kile kazi yangu ishindwe, na wakati huohuo kutamani ifaulu.

Ikawaka kijani.

Tulizo alitoka, akashindwa ngazi ndogo ya mlangoni, akadakwa na Mwalimu Haule. Hakuna aliyeshangilia. Dk. Mlelwa aliitazama ile taa kama mtu anayemtazama mkwewe akiiba.

"Wangapi wanaweza hivi?" aliuliza, halafu akainua kiganja. "Usinijibu." Akamgeukia Mwalimu Haule. "Mbano hachezi tena leo. Anakwenda hospitali sasa hivi. Naipigia simu kamati ivizime vibanda vyote vya mkoa." Akazitoa karatasi zangu mfukoni, akazikunja vizuri, akanirudishia. "Na hizi siwezi kuzitia saini."

"Najua, daktari."

Emerita alikuwa analia kwa hasira. Kwa mtani wake hakuruhusiwa kukasirika, kwa hiyo hasira yote ilinijia mimi. "Ulisema mchezo hausemi."

"Haukusema."

"Wewe umesema."

Nilimshika mkono kumpeleka kwenye gari la wagonjwa, akauchomoa. Hatua tatu mbele akasimama, akaniangalia kwa mashaka, na akaniuliza kwa adabu kabisa kama mimi ni mwalimu mgeni.

4

Saa kumi na moja jioni alikuwa kitandani, wodi ya wanawake, mapazia yamefungwa kwa ajili ya macho yake. Picha ilionyesha uvimbe, mdogo, wa kungojwa na si wa kupasuliwa. Daktari wa wodi, mama mmoja mpole, alitwambia kitu ambacho nilikuwa nimekiandika mwenyewe kwenye hatua ya nne na sikuwahi kukielewa. Kinachotisha kwa sasa, alisema, ni kwamba hashiki jambo jipya. Mkimwambia kitu, kaeni mwone kama kitabaki.

Tulizo alikuwa amekuja mbio kutoka uwanjani na jezi yake ya akiba haina hata vumbi, isipokuwa pale alipotapika.

Emerita alifumbua macho. "Tumeshinda?"

"Tumeshinda. Mbili moja. Bao dakika ya themanini na nane," alisema Tulizo, na hilo lilikuwa kweli.

Sijui nielezeje uso ule. Ulifunguka wote, akaziba mdomo kwa mikono miwili akacheka mpaka akaugulia kichwa. "Kafunga nani?"

"Mimi," alisema Tulizo. "Niliingia, nikawapita watano."

"Mwongo wewe." Akalala akitabasamu.

Dakika tano baadaye alifumbua macho. "Tumeshinda?"

Tulizo akamwambia tena, mbili moja, na furaha ikaja tena mpya kabisa, mikono mdomoni, kicheko, kuugulia. Safari hii Tulizo alikuwa amefunga kwa kichwa. Mara ya tatu alifunga kwa mpira wa adhabu kutoka nusu ya uwanja. Mara ya nne Wangoni wote jukwaani walimpigia magoti wakamwomba awe mtemi wao. Kila mara Emerita alicheka palepale na kumwita mwongo palepale, na kila mara Tulizo aliibuni hadithi upya kwa uchangamfu uleule, huku mkono wake chini ya kitanda ukiwa umeushika wangu kwa nguvu za kuniumiza.

Mara ya sita alitoka koridoni akalia. Akanawa uso, akarudi, na akafunga bao la saba kwa kisigino.

Nilimwambia apumzike, nitamjibu mimi.

"Hapana, Dada Subi," alisema. "Akinyamaziwa na mtani atajua kuna kitu."

Basi tukakaa. Nilizifikiria shule mia tatu ambazo hazingeupata mchezo, na nyingine ambazo jioni hiyo zilikuwa zinacheza bila kibanda na bila mtu wa kuwaamulia, ila macho ya wenzao. Nilikuwa nimepoteza kazi ya miaka sita, na nikashangaa kuona kwamba ninachokisikiliza ni pumzi ya mtoto mmoja tu.

Saa kumi na mbili kasoro, Emerita alifumbua macho. Alitazama dari, pazia, mimi, kisha Tulizo. Tulizo alijiweka sawa kwenye kiti, akavuta pumzi, tayari kufunga bao la nane.

"Usianze," alisema Emerita taratibu. "Mbili moja. Na wewe mwongo, jezi yako haina vumbi, hukutoka benchini."

Tulizo akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akatoka wodini mbio, na nikamsikia koridoni akimtangazia kila muuguzi na kila mgonjwa asiyemjua kwamba Mngoni amemwita mwongo, na kwamba safari hii amekumbuka kwa nini.